Desemba 26 Inasingiziwa

Kila Desemba hoja ileile hurudi, na kwa kuwa imetoka vinywani mwa watu wakubwa, wengi wameipokea bila kuipima. Inasema Waingereza wanawatesa wachezaji kwa mechi za sikukuu. Kwamba kucheza tarehe 26 na kurudi uwanjani siku mbili tatu baadaye ni unyama. Kwamba Wajerumani, wanaofunga viwanja vyao na kwenda kupumzika, ndio wenye akili. Louis van Gaal alipokuwa Manchester United alisema ukosefu wa mapumziko ya baridi ndilo jambo ovu kuliko yote katika soka ya kule. Pep Guardiola, msimu wa 2017/18, alisema ratiba ile itawaua wachezaji. Jürgen Klopp mwaka 2019 aliita kucheza tarehe 26 na 28 uhalifu. Wachambuzi wetu wa redioni wameibeba hoja hiyo nzimanzima, na siku hizi ukisema unazipenda mechi za sikukuu unaonekana mtu usiye na huruma.

Mimi nazipenda, na huruma ninayo. Wachezaji wamechoka, hilo silipingi. Ninachokataa ni kwamba Desemba 26 ndiyo iliyowachosha. Siku hiyo inabebeshwa makosa ya wengine, na adhabu yake tuliiona mwaka 2025: Ligi Kuu ya Uingereza ilipanga mechi moja tu tarehe 26, Manchester United dhidi ya Newcastle, nyingine tisa zikasukumwa tarehe 27 na 28. Mwaka mmoja kabla yake siku hiyohiyo ilikuwa na mechi nane. Maelezo ya wakuu wa ligi yalikuwa kwamba mashindano ya Ulaya yamepanuka, na wikiendi zilizobaki kwa ajili ya ligi ni 33. Hawakusema mashabiki wamezichoka mechi za sikukuu. Hawakusema madaktari wamezikataza. Walisema Ulaya imetanuka, basi nyumbani pakatwe. Kwangu mimi huo ni ushahidi wa kutosha kufungulia kesi, ila aliyekamatwa siye.

Tuhesabu. Mpaka mwaka 1995 Ligi Kuu ilikuwa na timu 22, kila moja ikicheza mechi 42. Mwaka huo timu zikapunguzwa hadi 20 na mechi hadi 38, na tangu hapo haijaongezwa hata mechi moja. Kombe la FA nalo, tangu msimu wa 2024/25, limefuta mechi za marudio kuanzia raundi ya kwanza. Mkitoka sare, mnamalizana siku hiyohiyo. Maana yake soka ya ndani ya Uingereza imekuwa ikipungua kwa miaka thelathini. Sasa tazama ng'ambo ya pili. Ligi ya Mabingwa Ulaya ilikuwa na mechi 125 kwa msimu. Tangu 2024 zimekuwa 189. Kombe la Dunia la Klabu likapanuliwa hadi timu 32 na mechi 63, likachezwa Marekani katikati ya mwaka 2025, pale ambapo zamani mchezaji alikuwa ufukweni na watoto wake, na fungu la zawadi likawa dola bilioni 1. Chelsea walicheza fainali ya Conference League mjini Wrocław Mei 28, wakaenda Marekani, wakashuka uwanjani mara saba, wakalitwaa kombe Julai 13, na katikati ya Agosti ligi ikawa imeanza tena. Mchezaji wa Chelsea aliyekuwa hoi ilipofika Desemba alichoshwa na nini? Na mechi ya tarehe 26 ambayo Chelsea hawakuwa nayo?

Linaloniudhi kuliko yote ni ziara. Msimu wa 2023/24 ulimalizika Mei 19. Mei 22 Tottenham na Newcastle walikuwa Melbourne, Australia, wakicheza mechi ya kirafiki. Mwaka uliofuata Manchester United walimaliza ligi Mei 25. Mei 28 walikuwa Kuala Lumpur wakifungwa 1-0 na kombaini ya nchi za Kusini Mashariki mwa Asia, na Mei 30 walikuwa Hong Kong. Sina ugomvi na shabiki wa Malaysia. Naye ni mpenzi wa mbali kama mimi, na ana haki ya kuiona timu yake kwa macho. Ugomvi wangu ni na klabu. Mechi zile hazikuwa na pointi wala kombe, hazikulazimishwa na chama chochote, zilikuwa na hundi. Klabu inayompandisha mchezaji ndege kuvuka nusu ya dunia siku tatu baada ya msimu kwisha haina mdomo wa kuniambia kwamba mechi na jirani yake, tarehe 26, mwendo wa basi, ndiyo inayovunja miguu.

Chukueni mfano wa Rodri, maana ndiye anayetajwa sana. Julai 14, 2024 alikuwa Berlin akichukua ubingwa wa Ulaya na Hispania. Septemba akasema hadharani kwamba wachezaji wako karibu kugoma kwa wingi wa mechi. Siku chache baadaye, Septemba 22, goti lake likaharibika dhidi ya Arsenal, na msimu karibu wote ukawa umempita. Ilikuwa Septemba! Krismasi ilikuwa miezi mitatu mbele. Vyama vya wachezaji, vilipoamua kwenda mahakamani Brussels mwaka huohuo, havikuishtaki Desemba ya Uingereza. Viliishtaki FIFA kwa kalenda yake. Wachezaji wenyewe, basi, wanamjua anayewachosha. Sisi huku kwenye mabanda ndio bado tunainyooshea kidole siku ya sikukuu.

Na sisi Waafrika tuna sababu yetu wenyewe ya kukasirika. Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Morocco lilianza Desemba 21, 2025 kwa kuwa Juni na Julai zilikuwa zimechukuliwa na Kombe la Dunia la Klabu. Salah akaondoka Liverpool. Mbeumo na Amad wakaondoka Old Trafford. Tanzania na Uganda zikakutana Desemba 27, katikati ya mzunguko wa Ligi Kuu ambao wengi wetu tumekua nao. Nani aliyetugombanisha na nafsi zetu namna hiyo? Aliyefanya hivyo ni yule aliyeona miezi miwili mitupu katika kalenda na kuiuza. Bado yupo, bado anatafuta pengo jingine, na kila anapolipata tunaambiwa tukate kilicho chetu ili mizani ikae sawa.

Kuna tawi la hoja hii ambalo lilivuma sana zamani: kwamba timu ya taifa ya Uingereza hufika mashindano ya majira ya joto ikiwa imekwisha kwa sababu haikupumzika Januari. Mwaka 2018 ulilikata tawi hilo. Ligi Kuu haikuwa na mapumziko ya baridi hata ya siku moja. Yalianza kujaribiwa Februari 2020. Uingereza wakafika nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Urusi. Wajerumani, wenye mapumziko marefu na kombe la 2014 mkononi, wakatolewa katika hatua ya makundi. Wakatolewa makundi tena Qatar 2022. Msimu wa 2020/21, uliobanwa kuliko yote kwa sababu ya korona na usio na mapumziko yoyote, ulifuatwa na Uingereza kucheza fainali ya Ulaya Wembley na kupoteza kwa penalti. Sidai kwamba kutopumzika kunaleta ushindi. Ninasema tu kwamba waliotuhakikishia kinyume chake walitakiwa watueleze 2018, na hawajatueleza.

Niende sasa kwenye soka yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo roho yangu ilipo. Tunaambiwa mechi za sikukuu ni za kiwango cha chini: miguu mizito, pasi zinapotea, makocha wanachanganya vikosi. Wanaosema hivyo wanapenda soka ya ubao wa kocha, ambapo kila mchezaji yuko kwenye mstari wake na dakika tisini zinakwisha bila mtu kusimama kwenye kiti. Mimi napenda soka ambayo mpango umechanika na watu wanalazimika kucheza.

Desemba 26, 1963, Ligi Daraja la Kwanza, mechi kumi, mabao 66. Fulham waliwafunga Ipswich 10-1. Blackburn walikwenda London na kuwapiga West Ham 8-2. Liverpool 6, Stoke 1. West Brom na Tottenham wakatoka 4-4, kulikuwa na sare mbili nyingine za 3-3, na Burnley wakaikandamiza Manchester United ya Matt Busby 6-1. Hayo ni matokeo ya siku moja. Sasa sikiliza kilichofuata, kwa sababu ndicho kinachosahauliwa: Desemba 28 timu nyingi zilirudiana, safari hii nyumbani kwa mwenzake. Ipswich waliofungwa kumi wakawafunga Fulham 4-2. West Ham wakaenda Blackburn na kushinda 3-1. United wakawapiga Burnley 5-1. Kwa siku mbili timu iliyokuwa imedhalilishwa ilipata nafasi ya kusimama tena dhidi ya adui yuleyule. Hakuna mashindano yoyote leo, pamoja na fedha zake zote, yanayompa mchezaji kitu kama hicho. Ukifungwa sita leo unakaa nalo wiki nzima, unachambuliwa kila kituo cha televisheni mpaka jina lako linachakaa.

Na katika ushindi ule wa 5-1 kuna kijana wa miaka 17 aliyekuwa amekwenda nyumbani Belfast kwa Krismasi, akaitwa arudi haraka kwa kuwa kikosi kilihitaji kubadilishwa. Ilikuwa mechi yake ya pili tu, na alifunga bao lake la kwanza. Aliitwa George Best. Ratiba ya kubanana ilimfungulia mlango ambao wiki ya kawaida ungebaki umefungwa. Wanaotaka kila mechi ichezwe na walewale kumi na mmoja waliopumzika vizuri wajiulize ni vijana wangapi wanaozeeka benchi.

Najua jibu lililo tayari: zamani soka ilikuwa ya taratibu, leo mtu anakimbia mbio nyingi zaidi na kwa kasi zaidi. Kweli. Lakini mwaka 1963 hapakuwa na mchezaji wa akiba hata mmoja. Akiba iliruhusiwa mwaka 1965, mmoja tu, na awali kwa aliyeumia. Aliyevunjika kidole alisimama pembeni akichechemea kwenye tope. Leo kocha anaweka tisa benchi na anaweza kuingiza watano, karibu nusu ya timu ya ndani. Ana daktari, mtaalamu wa lishe, mtaalamu wa usingizi, na uwanja wenye joto chini ya nyasi. Ligi pia imeweka kanuni kwamba mizunguko miwili ya sikukuu isikaribiane chini ya saa 60. Kocha mwenye kikosi cha wachezaji 25 wa kimataifa anayewachezesha walewale kumi na mmoja tarehe 26 na 29 amefanya uamuzi wake mwenyewe, asiilaumu kalenda.

Na huyo Klopp wetu, ambaye nampenda kwa dhati, alitoa jibu bora kuliko langu bila kukusudia. Desemba 2019 Liverpool yake iligawanywa: tarehe 17 vijana wadogo walikwenda Aston Villa kucheza Kombe la Ligi na kufungwa 5-0, tarehe 18 wakubwa walicheza Kombe la Dunia la Klabu huko Doha, tarehe 21 wakacheza fainali hukohuko mpaka muda wa nyongeza na kuifunga Flamengo 1-0. Wakapanda ndege kurudi kwenye baridi. Tarehe 26 walikuwa ugenini kwa Leicester, timu ya pili kwenye msimamo. Wataalamu walisema hapo ndipo watakapoteleza. Walishinda 4-0, na wengi tunaihesabu kuwa mechi yao bora ya msimu ule walioumaliza na ubingwa waliousubiri miaka thelathini. Guardiola naye, msimu uleule aliolia kwamba wachezaji wanauawa, aliumaliza akiwa bingwa na pointi 100.

Bao la pili la Liverpool usiku ule lilikuwa la penalti, mpigaji James Milner. Mwangalieni mtu huyu. Desemba 26, 2002, akiwa na miaka 16 na jezi ya Leeds, alifunga dhidi ya Sunderland na kuwa mfungaji mdogo kuliko wote katika historia ya Ligi Kuu hadi siku hiyo. Siku mbili baadaye akawafunga Chelsea. Miaka 17 baadaye bado anafunga siku hiyohiyo. Mwaka 2025, akiwa na miaka 39, bado alikuwa Brighton na bado anafunga. Hakuna anayefanana na Milner, nakubali, na mtu mmoja hatoshi kuthibitisha kanuni. Lakini kama kweli Desemba ya Uingereza huua, mtu aliyeipitia zaidi ya mara ishirini angekuwa wa kwanza kuzikwa.

Siku hii ilitoka wapi? Watu wengi wanadhani ni ujanja wa televisheni. Televisheni ilikuwa bado haijavumbuliwa. Desemba 26, 1860, Sheffield FC walikwenda Sandygate kucheza na majirani zao Hallam, mechi ya kwanza tunayoijua kati ya klabu na klabu, wakashinda 2-0. Mwaka 1871 sheria ikaifanya tarehe hiyo kuwa mapumziko rasmi. Mfanyakazi wa kiwandani, ambaye siku zake zilikuwa za mwenye kiwanda, akawa na siku yake, na akachagua kuitumia uwanjani. Ukitaka kujua uzito wa uchaguzi huo, mwaka 1920, katika sikukuu hiyohiyo, wanawake waliotoka kiwanda cha Dick, Kerr cha Preston walicheza Goodison Park dhidi ya wenzao wa St Helens. Watu 53,000 walikuwa ndani ya uwanja na maelfu walibaki nje. Mapato yalikwenda kwa hisani. Chini ya mwaka mmoja baadaye, Desemba 5, 1921, Chama cha Soka kikawapiga wanawake marufuku kwenye viwanja vya klabu zake, marufuku iliyodumu takriban nusu karne. Naliona jambo hili kuwa na undugu na ya leo. Umati ulipokuja kwa hiari yake siku ya mapumziko yake, wakubwa hawakuuliza umati unataka nini.

Nisije nikaonekana nasema kila kitu ni kizuri. Shabiki wa Uingereza anateswa kweli, ila mahali tofauti na pale tunapooneshwa. Tarehe 26 treni karibu zote za nchi ile husimama. Zamani, mara nyingi, walipanga majirani wakutane. Mwaka 2025 mechi ile moja iliyobaki ilikutanisha miji iliyoachana kwa zaidi ya kilomita 200 za barabara, ikaanza saa mbili usiku kwa saa za kule, ili televisheni ipate muda wake mzuri. Shabiki wa Newcastle alitakiwa arudi nyumbani usiku wa manane, wakati wa baridi, bila treni. Miaka miwili kabla, Wolves na Chelsea walipangwa Desemba 24, mkesha wa Krismasi, jambo lililokuwa halijafanyika tangu 1995, na mashabiki walipolalamika hawakusikilizwa. Huo ndio unyama ninaoutambua, na kuufuta hakuhitaji kuiua siku. Kunahitaji kupanga dabi, kuanza mapema, na kumwambia mwenye kamera akae foleni na wengine.

Kwetu huku saa tisa za kule ni saa kumi na mbili jioni, na nani asiyejua maana yake tarehe 26? Watu wamerudi makwao. Moshi imejaa waliotoka Dar es Salaam na Arusha. Mombasa imejaa waliotoka Nairobi. Ndugu walioachana mwaka mzima wamekaa benchi moja kwenye banda la mpira, huyu wa Arsenal, yule wa United, mjomba wa Liverpool katikati, wazee wanaleta ubishi wa miaka ya Cantona, watoto wamekaa chini mbele ya skrini. Mechi nne, tano zinakwenda pamoja, na kila bao la uwanja mwingine linabadilisha sura za watu. Mwaka 2025 banda lilikuwa na mechi moja, saa tano usiku, watoto wamelala. Kwa hiyo wanaosema suala hili ni la Waingereza wenyewe wanakosea. Ligi iliyotuuzia jezi na ving'amuzi imetuingiza katika sikukuu yake, nasi tumeiingiza katika yetu.

Wakuu wa ligi wametuahidi kwamba mwaka 2026 mechi za tarehe 26 zitaongezeka. Sababu yao ni kwamba siku hiyo itaangukia Jumamosi, yaani ingekuwa ya soka hata kama Krismasi isingekuwepo. Hiyo si ahadi inayomgharimu mtu chochote. Mwaka 2027 itakuwa Jumapili, nayo haitawagharimu. Mwaka 2028, Desemba 26 itakuwa Jumanne, na Ulaya itakuwa inaitaka wiki hiyo kama inavyozitaka nyingine zote. Ninataka mechi kumi Jumanne ile, dabi, saa tisa alasiri kwa saa za kule.